Ubwiriunga, Chikungunya na Ndiga: Maoni kuhusu Chimbuko la Istilahi za Tiba kwa Mifano ya Nachingwea na Ruangwa

Utangulizi

Mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa, hata kama masomo yake yalikoma darasa la saba, huutaja ugonjwa mkuu wa mikorosho yake kwa istilahi iliyo sahihi kisayansi: ubwiriunga. Huweza kueleza unashambulia sehemu zipi za mti, unaanza majira gani, na kwa nini salfa ipulizwe kabla maua hayajaharibika. Mkulima huyohuyo anapofika zahanati kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, msamiati humpungukia. Husema ana homa, viungo vinamuuma, tumbo linamsokota. Tabibu humsikiliza kwa Kiswahili, kisha huandika kwa Kiingereza jina la ugonjwa ambalo mwenye ugonjwa hatalisoma. Na dirishani hukabidhiwa dawa yenye jina ambalo hata mtoa dawa hulitamka kwa kusitasita.

Tofauti hiyo haijapewa uzito unaostahili katika mijadala ya istilahi za Kiswahili. Aghalabu husemwa kwamba sayansi ya tiba ni ngumu kuliko kilimo, au kwamba Kiswahili bado kichanga katika uwanja huo. Makala haya yanatetea rai nyingine. Istilahi za mkorosho zimejengwa juu ya mambo ambayo mkulima huyaona na maneno ambayo tayari anayo, ndipo wataalamu wakazibana maana. Istilahi za tiba, kwa sehemu kubwa, zimeanzia kwenye orodha ya Kiingereza, zikatafutiwa visawe mezani, na nyingi kati yake hazijaondoka mezani. Hasara ya utaratibu huo inaonekana zaidi katika eneo moja: dawa zitokanazo na mimea na athari zake mwilini.

Wilaya mbili zinazotajwa hapa zina sifa zinazoufanya mjadala kuwa na manufaa. Nachingwea iliingia katika vitabu vya historia kwa mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuporomoka miaka michache baadaye. Ruangwa ilipata hadhi ya wilaya mwaka 1995. Zote mbili ni sehemu ya Mkoa wa Lindi na zote mbili hutegemea korosho. Wamwera ndio wengi, lakini Wamakonde, Wamakua na Wayao wamechanganyika nao, na upande wa Liwale wapo Wangindo. Kiswahili ni lugha ya soko, shule na zahanati. Maarifa ya miti ya dawa, kwa kiasi kikubwa, bado yanakaa katika lugha nyingine hizo. Pale ambapo mfano bora umeandikwa kutoka Newala, Bagamoyo au Unguja, mfano huo umetumiwa.

Istilahi za mkorosho

Uzalishaji wa korosho Tanzania ulifikia takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, kisha ukaanguka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwamo bei na kuhamishiwa kwa wakulima katika vijiji vya ujamaa mbali na mashamba yao. Mojawapo, iliyoanza kuripotiwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa ugonjwa wa ukungu unaofunika majani machanga, maua na korosho changa kwa vumbi jeupe la kijivujivu. Maafisa ugani na watafiti, hususan wale wa Naliendele mjini Mtwara, walilazimika kuufundisha ugonjwa huo kwa maelfu ya wakulima ambao mapato yao yalikuwa yakipotea. Hapakuwa na nafasi ya istilahi isiyoeleweka.

Ubwiriunga ni nomino ambatani. Kichwa chake ni ubwiri, neno la zamani la Kiswahili kwa ukungu unaoharibu mmea, na kibainishi chake ni unga. Utaratibu huohuo umezaa ubwiri vinyoya kwa ukungu mwingine unaoshambulia mboga, na katika viazi na nyanya upo bakajani chelewa na bakajani tangulia. Jamii hutajwa kwanza, kisha sifa inayotofautisha, kama ambavyo mwanabotania wa Sweden, Linnaeus, alivyofanya katika karne ya 18 kwa kuutaja kila mmea kwa jina la jenasi likifuatwa na la spishi. Mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho huitwa mbu wa mikorosho. Mtaalamu wa wadudu anajua kwamba huyo si mbu. Mkulima naye anajua. Hakuna aliyepotoshwa, kwa kuwa neno mikorosho limekwisha kuonya kwamba mbu huyu ni wa aina nyingine.

Inaweza kupingwa kwamba ubwiriunga ni tafsiri ya istilahi ya Kiingereza iliyovaa nguo za Kiswahili. Pengine ni kweli. Lakini tafsiri hiyo ilifaulu kwa kuwa kila kipande chake kinaonekana shambani: anayeshika jani lenye ugonjwa huo hubaki na unga vidoleni. Linganisha na salfa yenyewe. Kiswahili cha zamani kiliita madini hayo kibiriti upele, kwa kuwa yalitumika kutibu upele wa ngozi. Jina la elementi lilibeba ndani yake matumizi ya kitabibu! Leo neno salfa limeshika, na si busara kulipiga vita. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba lililoondoka lilikuwa na habari ambayo lililoingia halina.

Majina yaliyotoka na kurudi yakiwa mageni

Mwaka 1952 ugonjwa wa homa ulizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala, jirani na wilaya hizi mbili. Wagonjwa walishikwa na maumivu makali ya viungo hata wakashindwa kunyooka. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo yake mwaka 1955, nao waliuita kwa jina walilolikuta vinywani mwa wagonjwa: chikungunya. Ni neno la Kimakonde linalohusiana na kitenzi kungunyala, lenye maana ya kupindika au kujikunja. Kiambishi chake chi- ndicho ki- cha Kiswahili sanifu. Kwa ufupi, ni nomino ya ngeli ya saba, yenye muundo ambao kila mwanafunzi wa sarufi ya Kibantu anaufahamu.

Neno hilo limezunguka dunia. Mwaka 2005 na 2006 ugonjwa huo uliwakumba takriban theluthi moja ya wakazi wa kisiwa cha Réunion, na tangu mwisho wa mwaka 2013 umeenea katika visiwa vya Karibi na Amerika ya Kusini. Vitabu kadhaa vya tiba viliandika kwamba neno hilo ni la Kiswahili, kosa ambalo wanaisimu wa Afrika Mashariki wangelisahihisha mapema kama wangelisoma vitabu hivyo. Kinachostahili kutafakariwa zaidi ni namna neno lilivyorejea nyumbani. Katika matangazo ya afya husikika "chikungunya imeingia", kwa upatanisho wa ngeli ya maneno ya kigeni. Hakuna anayesema "kimeingia". Neno lililotoka Newala likiwa na kiambishi hai limerudi likiwa gogo lisiloweza kunyambuliwa.

Habari ya kidingapopo inasikitisha zaidi. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, aliandika mwaka 1872 kuhusu ugonjwa ulioenea huko mwaka 1870, ambao wenyeji waliuita kidinga pepo na ambao wazee waliukumbuka kutoka mwaka 1823 au karibu na hapo. Christie alilihusisha jina hilo na dengue, neno lililopata umaarufu katika visiwa vya Karibi mwishoni mwa miaka ya 1820. Nasaba hiyo bado ina ubishi. Mwaka 1971 Donald Carey alitoa hoja kwamba milipuko hiyo ya zamani huenda ilikuwa ya chikungunya. Vyovyote iwavyo, kamusi za Kiswahili zimelihifadhi neno, kwa umbo la kidingapopo. Lakini ugonjwa ulipozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, jina lililotawala redioni na magazetini lilikuwa "homa ya dengue". Lugha inayosemekana kuwa imeipa dunia jina hilo ililiazima tena, kwa matamshi ya mkopeshwaji.

Mifano kama hiyo ipo hata katika mimea. John Kirk, aliyefuatana na Livingstone katika msafara wa Zambezi kabla ya kuwa balozi mdogo Unguja, alitambua kwamba sumu ya mishale ya huko ilipunguza mapigo ya moyo wake. Mmea huo wataalamu waliuita Strophanthus kombe, kwa jina la wenyeji, na ukawa chimbuko la dawa ya moyo. (Msomaji wa pwani aliyezoea kombe kama maandishi ya Kurani yanayooshwa na kunywewa asichanganye mambo, hayo ni makutano ya sauti tu.) Ouabaini, dawa nyingine ya moyo ya jamii hiyohiyo, jina lake linatokana na Kisomali, waabaayo. Wageni, basi, hawakuona haya kuchukua istilahi kutoka vinywani mwa wawindaji. Utaratibu uliokubaliwa wa kuunda istilahi za Kiswahili unasema jambo hilohilo: kwanza Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko, kilichotolewa na TUKI mwaka 1992, kimekuwa mikononi mwa wanafunzi kwa zaidi ya miaka 30. Tatizo halipo katika kanuni.

Dawa na vitenzi vyake

Neno dawa lenyewe lina upana unaohitaji uangalifu. Katika duka moja la kijijini mtu huweza kuuliza dawa ya kichwa, dawa ya mikorosho, dawa ya panya na dawa ya meno. Zaidi ya hayo kuna dawa ya mapenzi, ambayo haiuzwi dukani, na dawa za kulevya, ambazo hadi leo watu wanabishana kama ziitwe dawa au madawa. Mpulizaji wa salfa na mgonjwa wa malaria wote wawili husema "nimetumia dawa". Upana huo si kasoro. Unatokana na mtazamo kwamba dawa ni kitu chochote chenye nguvu ya kubadili hali ya kitu kingine. Lugha jirani zina mtazamo mwingine. Kwa Kimakonde dawa ni ntela, wingi mitela, na katika Kiyao shina hilohilo hutaja mti. Kiswahili nacho, kabla ya kuzoea neno la Kiarabu, kilikuwa na njia hiyo, kama inavyodhihirika katika mitishamba na katika kauli ya waganga kwamba fulani "anajua miti".

Hazina kubwa zaidi, hata hivyo, haipo katika nomino. Ipo katika vitenzi. Mganga wa jadi anapoeleza dawa yake hutaja mambo mawili kwa vitenzi: namna ya kuitayarisha na kile inachotenda. Huchemsha, huloweka, hukamua, hutwanga, hufukiza, huchua. Na dawa yake hutapisha, huharisha, hutuliza, hulevya, hukausha, hufunga choo, hutoa jasho, hutia ganzi. Unyambulishaji wa kutendesha katika Kiswahili ni mtambo uliokamilika wa kuundia istilahi za athari za dawa: tapika huzaa tapisha, na tapisha huweza kuzaa kitapishi. Shubiri, ambayo kila mtoto wa Kiswahili hulijua jina lake kwa uchungu, ni kiharishi kwa mujibu wa watabibu wa zamani na wa sasa. Walimu wa famakolojia wanaolalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya vitendo vya dawa wangefaa kukaa siku moja na mchuuzi wa dawa za asili katika soko la Nachingwea.

Umuhimu wa vitenzi vya utayarishaji unaonekana katika dawa ambayo leo hutolewa kwa wagonjwa wa malaria katika zahanati za wilaya hizi mbili. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini na kuchukua SP. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia dawa mseto, yaani ALu, mchanganyiko wa arthemeta na lumefantrini. Arthemeta hutengenezwa kutokana na artemisinini, kemikali ya mmea Artemisia annua. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alieleza kwamba alipata ufumbuzi baada ya kusoma maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4. Maandishi hayo yaliagiza mmea ulowekwe katika maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hayakutaja kuchemsha. Kutokana na hilo Tu alishuku kwamba joto lilikuwa likiharibu dawa, akatumia njia ya joto dogo, na mwaka 1972 kemikali ikapatikana. Kwa hiyo tofauti kati ya kuloweka na kuchemsha, jambo ambalo mwandishi wa kamusi angeliona dogo, ilikuwa ndiyo tofauti kati ya majimaji yasiyo na faida na dawa iliyookoa mamilioni ya watu. Mkusanyaji anayeandika "mizizi yake hutumika kutibu homa" bila kutaja kitenzi cha utayarishaji ameacha nje sehemu yenye sayansi.

Istilahi mseto nayo inastahili sifa. Ni neno lililotoka jikoni na shambani, kwenye chakula cha mchele na choroko na kwenye kilimo mseto, likapelekwa zahanati bila kupoteza maana. Wananchi walilielewa mara moja. Vivyo hivyo chanjo, iliyotokana na kuchanja, tendo la mganga wa jadi la kukata ngozi na kupaka dawa. Na nusukaputi, iliyounganisha nusu ya Kiswahili na neno la Kijerumani, na ambayo hueleza hali ya mgonjwa aliyelazwa kwa dawa kuliko kisawe chochote kirefu. Hakuna lolote kati ya maneno hayo linalohitaji maelezo kwa mgonjwa. Tume ya wataalamu ingeyakataa mawili kati ya matatu kwa kuwa hayana hadhi.

Kwa upande mwingine, si kila kitu kiundwe upya. Majina ya kemikali yenyewe, kama vile kwinini, mofini, artemisinini na vinkristini, yatoholewe na mjadala uishie hapo. Kwinini ina karne mbili tangu itenganishwe na gome la mti wake mwaka 1820, na jina lake limeshazama katika Kiswahili. Anayetaka kuiita "chungugome" au jina lingine la namna hiyo anacheza tu.

Sumu, kipimo na maudhi

Hoja ya makala haya ina uzito zaidi pale ambapo mmea mmoja ni chakula, dawa na sumu. Katika kusini-mashariki mwa Tanzania ndiga, kiazi cha mwituni cha jenasi ya Dioscorea, kilikuwa chakula cha wakati wa njaa. Kina alkaloidi iitwayo dioskorini, inayoshambulia mfumo wa neva na kuweza kuleta mtukutiko wa mwili na kifo. Watu walikila wakaishi kwa kuwa walijua kukikata vipande vyembamba, kukiloweka kwa siku kadhaa na kubadilisha maji. Ndugu zake wa Mexico walitoa diosgenini, mali ghafi iliyotumika tangu miaka ya 1940 kutengenezea homoni na baadaye vidonge vya kupanga uzazi. Ming'oko, kiazi kingine cha jenasi hiyohiyo kinachopendwa sana Lindi na Mtwara, huchemshwa na kuliwa bila taabu yoyote. Mtu asiyejua majina hawezi kujua kipi ni kipi, na kosa hapa halirekebishwi kwa kufuta na kuandika upya.

Kamusi za jumla za Kiswahili, kwa bahati mbaya, zina mazoea ya kuifafanua mimea mingi kwa maneno "aina ya mti" au "aina ya mmea". Fafanuzi hiyo haimsaidii mtu yeyote ambaye hakujua tayari. Kazi ya Heine na Legère kuhusu majina ya Kiswahili ya mimea, iliyochapishwa Cologne mwaka 1995, ilionyesha kwamba inawezekana kuunganisha jina la kienyeji na la Kilatini kwa utaratibu. Tahadhari yake ni ya lazima: jina moja la kienyeji huweza kutaja spishi mbili au tatu, na spishi moja huweza kuwa na majina tofauti katika vijiji viwili vinavyopakana. Kwa sababu hiyo jina la Kimwera au Kimakua lisilofuatana na kielelezo cha mmea kilichokaushwa na kutambuliwa na mwanabotania ni hatari, wala halistahili kuitwa istilahi.

Suala la kipimo nalo limeachwa nyuma. Waganga hupima kwa konzi, kwa fumba, kwa kipande cha mzizi chenye urefu wa kidole. Zahanati hupima kwa miligramu na husema dozi. Kati ya konzi na miligramu hapajajengwa daraja la kiistilahi. Kuhusu athari zisizotakiwa, Kiswahili cha tiba kimeyumba baina ya athari, madhara na maudhi. Athari katika asili yake ni matokeo yoyote, mema au mabaya, ingawa mazungumzo ya kila siku yameivuta upande wa mabaya. Madhara humtisha mgonjwa hata akaacha dawa. Maudhi, linalotumika sana katika huduma za uzazi wa mpango, ndilo bora kwa usumbufu unaopita, na ingefaa madhara libakizwe kwa yale yanayodhuru kweli. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba dawa ina maudhi huvumilia na kumaliza dozi.

Pingamizi la degedege

Wapo watakaosema kwamba istilahi zinazotoka kwa wananchi huja na imani zao. Pingamizi hilo ni la haki, na mfano wake mkubwa ni degedege. Peter Winch na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, walionyesha kwamba katika Wilaya ya Bagamoyo homa ya malaria ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa kawaida unaotibika hospitalini, ilhali degedege, yaani mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali, ilihesabiwa kuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye uhusiano na pepo, na unaostahili mganga kwanza. Wengine waliogopa kwamba sindano ingemuua mtoto aliye katika hali hiyo. Kwa daktari, degedege ni mara nyingi dalili ya malaria kali ambayo kila saa inayopita ina gharama. Stacey Langwick, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kilichotokana na utafiti wa Newala, aliongeza kwamba degedege na malaria hazikuwa majina mawili ya kitu kimoja. Kila moja lilikuwa limejengwa na utendaji wake na watu wake.

Je, hayo yanathibitisha kwamba lugha ya wananchi iwekwe kando? Yanathibitisha kinyume chake. Maneno yote mawili yalikuwa ya Kiswahili, na programu za afya ziliyatumia kwa miaka mingi bila kuuliza mama wa kijijini anaelewa nini anapoyasikia. Bango lililosema "malaria inaua" halikumgusa mama ambaye mtoto wake, kwa ufahamu wake, hakuwa na malaria. Kasoro ilikuwa ya kiistilahi kabla ya kuwa ya imani: mawanda ya dhana mbili hayakupimwa. Kazi hiyo ni ya mwanaisimu, na kwa bahati mbaya ilifanywa na wengine, kwa Kiingereza, katika majarida ambayo idara za Kiswahili hazisomi. Kwa upande mwingine, mpango wa taifa wa kupambana na magonjwa yaliyokuwa yakipuuzwa ulichukua maneno matende, mabusha, usubi, kichocho na vikope jinsi yalivyo, na watu wa Lindi hawahitaji mkalimani kujua wanaitiwa dawa ya nini.

Kinachopaswa kufanywa

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003 ni kazi za kuheshimiwa, na wanaozibeza aghalabu hawajawahi kuunda istilahi hata 10. Lakini zote mbili huanza na Kiingereza. Kidahizo ni cha Kiingereza, na kilichokosa neno la Kiingereza hakina mlango wa kuingilia. Ndiga haiwezi kuingia. Tofauti ya kuloweka na kuchemsha haiwezi kuingia.

Kamusi inayohitajika sasa ianzie upande wa pili, na dawa za mimea ndizo zifaazo kutangulia, kwa sababu hapo mwenye maarifa ni mzungumzaji wa lugha za Afrika na mtaalamu ndiye mwanafunzi. Misingi ipo. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili ina chimbuko lake mwaka 1974. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka baraza linalosajili waganga, na usajili huo ni orodha ya watu wa kuhojiwa. Kimwera kina sarufi ya Lyndon Harries tangu mwaka 1950. Kilichokosekana ni idara ya Kiswahili inayomtuma mwanafunzi wa uzamili Ruangwa pamoja na mwanabotania na mfamasia, wakae msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi, kwa kuwa mimea mingine haionekani nje ya msimu wake. Tasnifu za istilahi zilizoandikwa kwa kulinganisha kamusi mbili rafuni zimetosha.

Waganga watauliza wanapata nini, na wana haki ya kuuliza. Wameona watu wakija na madaftari, wakiondoka, na wasirudi. Jina la mtoa habari, kwa ridhaa yake, na la kijiji chake yaandikwe ndani ya kidahizo, na nakala ya kamusi ifike katika kijiji hicho ikiwa katika lugha inayosomeka huko.

Kidahizo cha ndiga, kwa mfano, kingekuwa na jina la Kilatini, maelezo ya jani na shina la kuwatofautisha ndiga na ming'oko, jina la sumu yake, inachotenda kwa mtu aliyekula kibichi, idadi ya siku za kuloweka na mara ngapi maji yabadilishwe, na dalili za kwanza zinazomtaka mtu akimbizwe kituo cha afya. Baada ya hapo yangefuata majina yake ya Kimwera, Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kingindo. Wanaoweza kuyataja kwa uhakika, na kuonyesha mmea wenyewe porini, ni wazee waliowahi kukila wakati wa njaa. Wengi wao sasa wamevuka miaka 70.